Shangazi, nikimpeleka mama kwenye makao ya wazee nitakuwa nimemtupa?

*Shikamoo Shangazi. Mama yangu ana miaka 81. Mwaka jana alipata kiharusi, upande wa kushoto ukalegea, na tangu hapo kumbukumbu inazidi kumpotea. Usiku halali. Mara mbili nimemkuta mlangoni, anasema anakwenda kwao, na mwezi uliopita alianguka bafuni. Mimi ndiye ninayemwogesha, ninayemgeuza na kumbadilisha nepi, kisha asubuhi naenda kazini. Mgongo umekwisha. Wiki iliyopita nilimfokea, akalia, nikajifungia chooni nami nikalia. Nimetembelea makao mawili ya wazee. Moja ni jipya, lina bustani, kila kitu kinang'aa. La pili ni la zamani, rangi imebanduka, ila wahudumu wake ni wachangamfu. Kaka yangu mkubwa, ambaye huja mara mojamoja, anasema huko ni kumtupa mama. Nifanyeje? – Niliyechoka*

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Nami nimewahi kujifungia mlango namna hiyo, kwa hiyo najua ulichokuwa unalilia.

Nianze na kaka yako, maana naona maneno yake yanakunyima usingizi kuliko hata mama mwenyewe. Kumtupa mzazi ni kumwacha pasipo mtu wa kujua amekula au hakula, amegeuzwa au hakugeuzwa, analia au amenyamaza. Mzee anaweza kutupwa ndani ya nyumba yake mwenyewe, watoto wakiwa sebuleni. Mgonjwa aliyelegea upande mmoja, asiyelala na anayetoka nje usiku wa manane, anahitaji watu wa kupokezana saa 24. Wewe uko peke yako. Ulimfokea kwa sababu hujalala, wala si kwa sababu humpendi. Mwombe kaka yako aje akae na mama siku saba, mchana na usiku, nepi na bafu vikiwa juu yake, nawe uondoke kabisa hapo nyumbani. Simaanishi umkomoe. Nataka mkikaa kikao, nyote wawili muwe mnamzungumzia mama huyuhuyu mmoja.

Kabla hujasaini chochote, mpeleke kwa daktari. Mzee akichanganyikiwa ghafla, ndani ya siku chache tu, mara nyingi kuna kitu nyuma yake: maambukizi ya njia ya mkojo, kufunga choo, maumivu asiyoweza kuyaeleza, kupungukiwa maji mwilini, au dawa mpya. Hivyo vinatibika. Huenda bado atahitaji makao, lakini utampeleka akiwa na nafuu.

Sasa hayo makao mawili.

Baba yangu nilimchagulia kwa macho. Sebule ilikuwa nzuri, wazee wamevaa wakapendeza, meneja anazungumza vizuri. Baba naye alikuwa amelegea upande mmoja, wa kulia. Wiki ya tano nilifika saa ambayo sikuzoea kufika, nikakuta jagi la maji limejaa pomoni na kikombe kando yake, vyote juu ya meza ya upande wa kulia. Midomo ya baba ilikuwa imekauka hadi imepasuka. Aliyeyaweka yale maji alitimiza kazi yake, ila hakumtazama mtu aliyekuwa anamwekea. Nikamvua soksi. Kwenye kisigino kulikuwa na doa la zambarau, dogo kama sarafu, lina joto, na nilipolibonyeza kwa kidole halikubadilika rangi. Hapo ndipo kidonda cha kulala kinapoanzia. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi usitafute wekundu, hutauona. Tafuta sehemu iliyokolea kuliko ngozi iliyoizunguka, inayong'aa, iliyo ngumu au yenye joto ukiigusa. Tazama visigino, nyonga na pale mwisho wa uti wa mgongo. Baba tulimhamisha, lakini kile kidonda kilichukua miezi kupona, na mpaka leo kinaniuma mimi.

Ndiyo maana nakuambia: usikubali kuishia sebuleni. Sebuleni wanakaa wanaoweza kukaa. Omba uonyeshwe wanakolala wasioweza kuinuka wala kusema, kwa sababu mama yako anaelekea huko, na utakuwa unamchagulia miaka hiyo. Usichungulie vitanda vya watu bila ruhusa. Simama tu ukumbini, sikiliza na utazame. Mhudumu akiingia chumbani anabisha hodi? Anamwita mzee kwa jina, au anamgeuza kama gunia huku akipiga soga na mwenzake? Anainama mpaka macho yakutane? Maji yako upande wa mkono mzima? Kengele ikilia, tazama saa yako, hesabu dakika mpaka mtu aende. Na pua uiamini. Harufu ya mkojo iliyotokea sasa hivi ni ya kawaida mahali pa wagonjwa, ila iliyokwisha kuingia kwenye magodoro inakusimulia miezi mingi.

Rudi bila kutoa taarifa. Nenda Jumapili, nenda jioni wakati wa chakula, umwone anayelishwa kama anapewa muda wa kumeza. Aliyewahi kupata kiharusi akiharakishwa anaweza kupaliwa, chakula kikaingia mapafuni. Kisha uliza habari za usiku, kwa sababu mama yako ni mtu wa usiku. Zamu ya usiku ina watu wangapi, kwa wazee wangapi? Kuna muuguzi aliyesomea, au anapigiwa simu nyumbani kwake? Wahudumu wanakaa kazini muda gani kabla ya kuacha? Mahali ambapo sura hubadilika kila mwezi, hakuna wa kujua kwamba mama leo hayuko kama jana.

Swali moja uliulize kwa utulivu: mzee asipolala, akawa anazurura, mnafanya nini? Jibu la kwanza likiwa ni dawa ya kumtuliza au kumfunga kwenye kiti, aga uondoke. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba dawa mpya za magonjwa ya akili huongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na mwaka 2008 onyo hilo likapanuliwa hadi dawa za zamani za aina hiyo. Kuna nyakati daktari huona hana budi kuziandika, lakini familia iambiwe, na zipitiwe upya mara kwa mara. Jibu ninalolipenda mimi ni la mhudumu anayesema, "Kwanza tunaangalia kama ana maumivu au anataka choo, halafu tunatembea naye."

Omba uonyeshwe leseni na ripoti ya ukaguzi. Mkataba upeleke nyumbani, usome gharama za ziada, na usome hasa wanafanyaje hali ikizidi kuwa mbaya: wanaendelea naye au wanakurudishia?

Ukinibana nichague leo, moyo wangu unaelekea kwenye lile la zamani. Rangi inapakwa kwa wiki moja. Moyo wa wahudumu haununuliwi dukani. Lakini uchangamfu wao uliuona mchana, ukiwa mgeni. Usiamue mpaka umewaona saa tatu usiku.

Mama naye aulizwe. Kusahau siku za wiki hakumfanyi asijue anachokipenda. Mketi naye asubuhi, akili ikiwa imetulia kidogo, umweleze kwa maneno machache, na usikilize hata kama jibu litakuja vipande vipande. Siku ya kuhama iwe asubuhi pia, kwa kuwa wagonjwa wengi wa aina yake huchanganyikiwa zaidi jua linapozama. Andika ukurasa mmoja juu yake, ubandike karibu na kitanda: anapenda kuitwa nani, analalia ubavu gani, mkono upi ni mzima, nini humtisha, nini humtuliza.

Atalia atake kurudi. Pengine watakwambia usifike wiki mbili ili azoee. Mimi sikubaliani nao. Fika, usikae sana, badilisha saa za kufika, na kila ukifika mvue soksi.

Kaka yako mpe siku yake, tuseme Jumapili, iwe yake peke yake. Wewe Jumapili hiyo ulale. Ukishafika huko usiku, niandikie ulichokiona.

Shangazi