Kabla ya fimbo, mpime presha
Dada, umesema mama mwenye miaka 78 huko Arua ameanguka mara mbili akiamka usiku kwenda chooni, na unauliza umnunulie fimbo ipi. Fimbo sawa, ila kwanza mpeleke apimwe presha akiwa amelala, kisha akiwa amesimama, ndani ya dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, huenda ndiyo inayomletea kizunguzungu, na mara nyingi dawa za presha au za kuongeza mkojo huchangia. Usimkatishe dawa mwenyewe. Zitie zote kwenye kaveera (mfuko wa plastiki) umwonyeshe daktari, hata zile za mitishamba.

Usiku asisimame ghafla. Aketi ukingoni mwa kitanda, achezeshe vifundo vya miguu dakika moja mbili, ndipo ainuke. Choo kikiwa nje, hasa mvua ikinyesha na njia ikiteleza, mwekee ndoo yenye mfuniko chumbani. Mama yangu aligoma wiki nzima, eti hiyo ni ya watoto! Usiku umeme ulipokatika akaitafuta mwenyewe. Na zile kandambili zilizolika, tupa.