Zabuni kwa njia ya kielektroniki: maswali ya wazabuni

Nilianza kupakia nyaraka dakika kumi kabla ya muda wa mwisho, na mfumo ukafunga zikiwa zimefika nusu. Je, kanuni zinanilinda?

Kwa kawaida hazikulindi. Zabuni huhesabiwa kuwa imewasilishwa pale mfumo unapoipokea yote na kutoa risiti yenye tarehe na saa, si pale unapoanza kuituma, na saa inayotambuliwa ni ya mfumo, wala si ya kompyuta yako. Ukali huu una sababu ya haki. Sheria ya Mfano ya Ununuzi wa Umma, iliyopitishwa mwaka 2011 na tume ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia sheria za biashara ya kimataifa, inataka zabuni iliyochelewa irudishwe bila kufunguliwa, kwa kuwa mzabuni anayeongezewa dakika peke yake amependelewa dhidi ya wenzake, hata kama aliyempa hakuwa na nia mbaya.

Ikiwa hitilafu ilikuwa ya mfumo wenyewe, hoja yako ina uzito, na suluhisho la haki ni taasisi nunuzi kuwaongezea muda wazabuni wote na kuwatangazia kwa wakati mmoja. Hata hivyo, ni lazima uithibitishe: hifadhi picha ya skrini yenye ujumbe wa hitilafu na saa, kisha uandikie kitengo cha msaada kabla muda haujaisha. Nimesikitika mara nyingi kuona malalamiko ya kweli yakianguka kwa sababu mlalamikaji aliandika siku iliyofuata.

Kuna mtu anayeweza kuona bei yangu kabla ya ufunguzi?

Hili ndilo swali ambalo ningependa kila mzabuni aulize. Sanduku la zabuni lilikuwa na kufuli na mashahidi waliolitazama likifunguliwa, na mfumo wa kielektroniki hauna budi kutoa ulinzi usiopungua huo. Agizo la Umoja wa Ulaya namba 24 la mwaka 2014 linataka kuwe na uhakika wa kutosha kwamba hakuna anayezifikia zabuni kabla ya muda, kwamba tarehe ya ufunguzi inapangwa au kubadilishwa na walioidhinishwa tu, na kwamba jaribio lolote la kukiuka masharti hayo linaweza kugundulika waziwazi.

Sharti hilo la mwisho ndilo naliona kuwa na thamani kubwa kuliko yote. Kusimba nyaraka kwa siri, yaani kuzigeuza zisisomeke bila funguo za kidijitali, hakutoshi ikiwa msimamizi wa mfumo anashika funguo hizo peke yake na anaweza kufuta kumbukumbu za walioingia. Ni salama zaidi funguo zinapogawanywa kwa maofisa wawili au zaidi, na kumbukumbu zikatunzwa mahali ambapo hata msimamizi hawezi kuzigusa.

Tunatoa huduma ya usanifu wa majengo. Je, tunaweza kulazimishwa kuingia katika mnada wa kushusha bei?

Chini ya agizo hilohilo, hapana, kwa kuwa kazi zinazotegemea ubunifu wa akili, kama usanifu, haziwezi kupangwa kwa hesabu ya mashine. Kwa bidhaa zenye vipimo vinavyoeleweka mnada unafaa, mradi tathmini kamili ifanyike kwanza na majina ya washindani yasitajwe wakati wa mnada.

Je, taasisi inaweza kututaka tutumie programu ambayo wachache tu wanaimiliki?

Haipaswi, kwa sababu vifaa vya kuwasilishia zabuni vinatakiwa kupatikana kwa watu wote kwa jumla na kutombagua yeyote. Inapolazimu kutumia kifaa maalumu, taasisi inatakiwa iwape wazabuni njia mbadala ya kukipata.

Nimepata ujumbe kwamba sikufanikiwa, bila maelezo. Nifanye nini?

Omba sababu kwa maandishi siku hiyohiyo. Sheria nyingi zinaweka kipindi cha kusubiri kati ya taarifa ya tuzo na kusainiwa kwa mkataba, ili aliyeshindwa aweze kulalamika kabla mambo hayajafungwa. Katika Umoja wa Ulaya kipindi hicho si chini ya siku 10 taarifa ikitumwa kwa njia ya kielektroniki, ilhali kwa njia nyingine kinaweza kufika siku 15, na siku 10 hizo huanza kuhesabiwa kesho yake baada ya ujumbe kutumwa, hata kama wewe uliufungua wiki moja baadaye.