Tanuri Jipya Lisikaushwe kwa Pupa

SWALI: Mhariri, salaam. Wiki iliyopita nilikamilisha ujenzi wa tanuri la kuni la matofali ya kuchoma, lenye kuba. Fundi aliyelijenga ananishauri niwashe moto mkubwa siku moja ili likauke moja kwa moja, ilhali mwenzake anataka nilikaushe kwa moto mdogo kwa siku kadhaa. Nimsikilize yupi? Aidha, juu ya mlango pameonekana ufa mwembamba kama unywele, hata kabla sijawasha moto. Je, kazi imeharibika?

JIBU: Msikilize huyo wa pili. Tanuri linaloonekana kavu kwa nje huwa bado limebeba maji mengi ndani ya matofali, katika mchanganyiko ulioyaunganisha, na zaidi katika tabaka la kuzuia joto lisipotee, hasa ikiwa tabaka hilo lilichanganywa na saruji. Maji hayo yakichemka kabla ya kupata njia ya kutokea, hugeuka kuwa mvuke unaohitaji nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile yaliyoichukua yakiwa maji, na mvuke uliobanwa ukutani hupasua ili utoke. Isitoshe, uso wa ndani ukipata moto ghafla hutanuka wakati wa nje ungali baridi, na mvutano huo peke yake watosha kulipasua kuba.

Kwa hiyo liache tanuri lipumzike angalau wiki nzima, likiwa limekingwa mvua na mlango ukiwa wazi. Kisha washa vijiti vyembamba, vikavu, katikati ya sakafu na mbali na kuta, na joto la ndani lisizidi nyuzi 100 za sentigredi siku ya kwanza. Dumisha moto huo kwa saa kadhaa, kwani moto mdogo wa kutwa una faida kuliko mkali wa saa moja. Siku zinazofuata ongeza takribani nyuzi 50 kila siku, na ndimi za moto zisilambe kuba katika siku za mwanzo. Jioni uache moto ufe wenyewe, usiuzime kwa maji, nawe uegemeze mlango huku ukiacha mwanya wa kupitisha unyevu.

Ratiba hiyo, hata hivyo, isikufunge. Tanuri lenyewe ndilo litakaloamua. Pitisha kiganja juu ya mgongo wa kuba alasiri, nawe utakuta mabaka yenye unyevu, pengine hata matone yakichuruzika. Shika kipande cha kioo kilicho baridi mbele ya upenyo wowote unaotoa hewa: kikifanya ukungu, maji bado yanatoka, na siku inayofuata urudie joto lilelile badala ya kupanda. Usishtuke kuona kuba likiwa jeusi kwa masizi, kwa maana joto likikaribia nyuzi 350 masizi huungua na matofali yakarudia rangi yake. Usiikimbilie hatua hiyo mapema.

Kuhusu ufa, kazi haijaharibika. Mchanganyiko hunywea unapokauka, na nyufa nyembamba ni jambo la kawaida, mradi hakuna tofali linalocheza. Usiuzibe sasa, kwa kuwa utafunguka na kufunga kadiri joto linavyopanda na kushuka. Subiri tanuri likauke kabisa na kupoa. Ukiwa umepanuka kiasi cha kuingiza sarafu, ukwangue na kuujaza kwa mchanganyiko unaostahimili moto, wala si saruji tupu, ambayo hudhoofika katika joto kali. Lipu ya nje nayo ije mwisho, na rangi ya kuzuia maji isipakwe hadi kioo kile kiache kufanya ukungu, kwani vinginevyo utakuwa umeyafungia maji humo humo ndani. Na likikaa miezi bila kutumika, hasa wakati wa mvua, lianze tena kwa vijiti kabla ya kulipa kuni kubwa.