Mavyaa kaja na jogoo wake, sina raha tena

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto watatu: wa kwanza miaka minane, wa pili minne, wa mwisho mwaka mmoja na nusu. Tunaishi Mtopanga. Nina saluni yangu Bombolulu na mume wangu anafanya kazi bandarini kwa zamu. Tangu tarehe 6 Desemba mama mkwe yuko kwangu. Ametoka Wundanyi, kwao Taita, bila mimi kuulizwa, walipanga na mwanawe tu. Amekuja na gunia la viazi na mboga, na jogoo amefungwa kamba roshanini. Anawika saa kumi alfajiri mpaka majirani wananitazama vibaya, na huyu wangu wa miaka minne ameshampa jina, anamwita Simba. Chaji ya tableti mama ameificha. Soseji watoto hawali tena, ni kimanga cha maharagwe na muhogo kila siku. Mdogo anavikwa sweta na kofia ya sufu na joto hili la Mombasa, sasa shingo yote imejaa harara, halafu anakogeshwa maji ya mwarobaini. Dada wa kazi alienda kwao likizo tarehe 4, kwa hiyo sina hata wa kunisaidia. Nilikuwa nimeweka pesa twende hoteli ya ufuoni sisi watano, tarehe 24 hadi 26, na sasa mume anasema hawezi kumwacha mamake peke yake Krismasi. Nikirudi usiku nakuta wameshalala wote, na hata mdogo siku hizi anamwita yeye mama. Nimwambieje arudi kwao kabla ya tarehe 24 bila kuleta vita? Na huyo jogoo nimfanyeje?
Mama Watatu, Mtopanga

Marahaba mwanangu. Pole kwa joto, pole kwa kuamshwa na jogoo. Pole zangu zimeishia hapo, sasa tusomane barua.

Dada wa kazi aliondoka tarehe 4. Mavyaa wako akafika tarehe 6. Mie hesabu sikuisoma sana, lakini hiyo ya siku mbili naiweza. Hizo siku mbili watoto watatu walikaa na nani? Hukusema. Mumeo yuko bandarini, wewe uko Bombolulu na kichana mkononi, na shule zimefungwa. Nadhani kuna mtu aliona mtoto wa miaka minane ameachiwa nyumba na wadogo zake, akapiga simu Wundanyi. Mama wa watu akafunga gunia, akashuka milima mpaka Mwatate, akaja Voi, akaja Mombasa, matatu za Desemba na nauli zake, jogoo miguuni. Kisha wewe unaniandikia "sina hata wa kunisaidia", na wakati unaandika hayo kuna mwanamke jikoni kwako anaponda maharagwe na muhogo!

Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wa kwako hakungoja siku ya tatu. Jembe alilichukua mwenyewe mlangoni, na wewe hukuliona kwa sababu lilikuwa na sura ya mwiko.

Sikulaumu kwa kazi, tuelewane. Desemba ndiyo mavuno ya msusi. Kila mwenye kichwa anataka asukwe kabla ya sikukuu, anayesafiri bara anataka, anayepokea wageni anataka, na Januari ada ya shule haitamuuliza mtu alikula nini Krismasi. Kaa kwenye saluni yako mpaka saa tatu usiku ukitaka, pesa yako ni halali. Ila mtu akikaa saluni mpaka saa tatu usiku, lazima awepo mwingine wa kukaa na watoto mpaka saa hiyo, na huyo mwingine atawalisha anachokijua yeye, atawalaza saa anayoiona yeye inafaa. Ukitaka wafuate ratiba yako, kaa uisimamie.

Chaji ameificha? Mwache nayo. Nyumba yenye watoto watatu na likizo ndefu kama hii, tableti ikishika kazi ya ulezi, mwisho wake unaujua. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Niambie kitu kimoja tu ambacho hukukiandika: wanalia siku nzima, au wamelia siku mbili kisha wakashuka chini kucheza kombolela na wenzao? Nalijua jibu, kwa sababu wangekuwa bado wanalia ungeniandikia ukurasa mzima.

Na kimanga nacho kimekukosea nini? Umeolewa Taita, hukuolewa dukani kwa soseji.

Sweta sasa. Hapo nakuunga mkono, tena bila kigugumizi. Wundanyi iko juu milimani, asubuhi kuna ukungu na sweta ni nguo ya akili. Sisi huku Desemba ni kaskazi, hewa ina unyevu, mtu mzima amekaa chini ya feni na bado anatiririka. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu ukimvisha sufu jasho halipati pa kutokea, na harara ndiyo hiyo. Mvue. Mvishe kitambaa chepesi cha pamba, mkogeshe maji ya kawaida yasiyo moto, mkaushe vizuri kwenye mikunjo ya shingo, na usimpake mafuta mazito juu ya vipele. Ukiona vinatoa usaha au mtoto ana homa, kliniki, si kwa jirani. Mwarobaini wa kukogea nimeukuta kwa bibi yangu na sitagombana na mtu kwa ajili yake, lakini wa kunywesha mtoto mdogo usikubali hata tone, wala mafuta yake. Hilo usilionee haya mbele ya mkwe.

Lakini angalia utakavyosema. Usiingie saa tatu usiku na mkoba begani ukaanza "mama unaniulia mtoto". Ngoja asubuhi. Mpakate mtoto, mfunue shingo pale mwangani, mwambie, "Mama, hebu nitazamie hapa, joto la huku limemtoa harara, tufanyeje?" Utaona sweta linarudi ndani ya mkoba bila neno la pili. Mtu mzima ukimuuliza hukupa, ukimkemea hukunyima. Na sidhani kwamba tangu tarehe 6 umewahi kumuuliza jambo lolote.

Sasa tufike pale ulipopaficha.

Barua yako ina jogoo, ina sweta, ina hoteli, na karibu na mwisho, katikati ya sentensi kama kitu kilichodondoka, umeandika kwamba mdogo anamwita bibi yake mama. Hicho ndicho kilichokutia kalamu mkononi. Hayo mengine ni maganda. Umerudi umechoka, vidole vinakuuma kwa kusuka, unamchukua mwanao nusu usingizini na yeye ananyoosha mikono upande wa pili. Mwanangu, hiyo inauma, na mie sitakucheka. Lakini usimhukumu mtu kwa wivu wako. Mtoto wa umri huo kila mwanamke anayemlisha na kumbeba ni mama, ni neno la kwanza alilonalo mdomoni. Angekuwa dada wa kazi anaitwa hivyo, ungempeleka wapi?

Wewe unakaa Mtopanga, Haller Park, ile bustani ya wanyama, iko hapo Bamburi, tuktuk haimalizi hata kuchemka. Basi mwisho wa Desemba 2004, baada ya ile tsunami, palikuwa na mtoto wa kiboko amekwama baharini kule Malindi, ametengana na kundi lake. Watu wakamvua kwa nyavu, wakampa jina Owen, wakamleta hapo Bamburi. Kufika tu akamkimbilia kobe mkubwa aliyekadiriwa kuwa na miaka 130, jina lake Mzee, tena dume, akamng'ang'ania. Kobe mwanzoni alimkimbia, kwa mwendo ule wa kobe, kisha akazoea. Wakawa wanakula pamoja, wanalala pamoja, dunia nzima ikaja kupiga picha. Sikusikia mtu aliyelalamika kwamba kobe amemwiba kiboko. Wako hakukosa mama, anaye, ila anamuona akiwa amelala. Kinachomrudisha ni saa za kuwa naye macho wazi, na saa hizo hazipatikani kwa kumfukuza anayemshika sasa.

Na ile hoteli, mbona haikai vizuri? Umeandika "nilikuwa nimeweka pesa". Hukuandika umelipa. Na msusi gani wa Mombasa anafunga saluni tarehe 24 Desemba? Siku hiyo wateja wamekaa mpaka mlangoni! Ungewatanguliza mume na watoto, kisha wewe ukafika usiku na mkoba, ukakuta wamelala, ila safari hii kwenye vitanda vya kulipia. Nahisi hoteli hii ilikuja kichwani baada ya mavyaa kufika, kwa sababu hoteli ina vitanda vya watano na yeye ni wa sita. Kama nimekosea, niandikie, nitaomba radhi hapa hapa.

Mabibi harusi wa siku hizi mnanichosha. Mnataka mume kama aliyeokotwa ufuoni, kaletwa na mawimbi, hana mama, hana dada, hana shamba wala kaburi la babu. Mnataka akili ya mtoto aliyelelewa vizuri, lakini aliyemlea asionekane. Kisha mnapohitaji mtu wa kukaa na mtoto wa homa mnauliza kwenye vikundi vya simu nani anamjua msichana mwaminifu. Mwaminifu yuko Wundanyi, anapalilia maharagwe yake, hakupigiwa simu! Mie nimekaa nyumba moja na mavyaa wangu miaka kumi na minne, pale Kibokoni, chumba changu na chake ni ukuta mmoja. Alikuwa akihesabu mahamri nikiyatoa karaini. Wallahi, moja moja. Nikiungua kidole huniuliza kwanza kama mafuta yamemwagika. Nilimchukia kwa moyo safi. Siku alipotutoka ndipo nilipogundua kwamba miaka yote ile mtoto akikohoa usiku, mie nilikuwa silisikii kikohozi, kwa sababu kuna mtu aliyekuwa ameshaamka. Haya, nimetoka nje ya swali. Na Krismasi mie si yangu, kwetu ni Idi, nayo huhama kila mwaka, lakini sahani za majirani hunifikia na najua nyumba gani ina mzee jikoni kwa kuonja pilau tu.

Mumeo naye asikae akitabasamu. Kumleta mama bila kukwambia ni kosa. Mke haambiwi kuhusu mgeni kwa kusikia jogoo. Mwambie nimesema hivyo, na mwambie pia siku asizokuwa na zamu ashike mtoto mmoja akamtoe nje, mamake hakuja kuwa yaya.

Kwa hiyo sikupi maneno ya kumrudisha kwao. Siku zilizobaki fanya hivi. Chagua asubuhi mbili za wiki, fungua saluni saa nne badala ya saa moja. Wateja watanung'unika na watakuja, Desemba hawana pa kwenda. Asubuhi hizo mdogo umkogeshe wewe, umlishe wewe, na bibi yake apumzike alale, kwa maana huyo jogoo anamuamsha na yeye. Tarehe 24 suka mpaka vidole vigome. Tarehe 25 ni yenu, kanisani na mezani. Tarehe 26 zile pesa za hoteli zitoe sehemu ndogo tu, iliyobaki iache ilale ingoje Januari, mwende wote sita Haller Park mkawalishe twiga. Ufuo wa umma siku hiyo mie singewapeleka wadogo, watu ni wengi kama mchanga, na mtoto wa miaka minne hupotea pale katika muda wa wewe kulipia mabuyu. Mkitaka bahari lazima, nendeni siku nyingine asubuhi mapema, muulize mvuvi kama ni bamvua, maji yanapojaa sana, au maji mafu, yanapojaa kidogo, kabla hamjavua viatu, na namba yako ya simu uiandike kwa kalamu kwenye mkono wa kila mtoto.

Na huko Haller Park mdogo akimlilia bibi yake, mwache abebwe.

Jogoo sasa, kwa kuwa uliuliza. Alikuja kuchinjwa, hilo tunalijua sote, na ndiyo heshima aliyokuletea mavyaa wako. Lakini mtoto ameshampa jina, na kuku mwenye jina haliki kwa amani. Wewe kanunue kuku wa sikukuu Kongowea. Simba mfunike kapu kubwa usiku jirani alale, mbele yake akute giza hata alfajiri ikiwa imeingia. Bibi atakaporudi Wundanyi Januari, arudi naye mzima, na mwanao amsindikize mpaka stendi. Nauli ya wote wawili ni juu yako.