Nungwi, Paje au Kiwengwa? Mleta mada, angalia maji kabla hujaangalia chumba

Mkuu, nimesoma swali lako na majibu uliyopewa mpaka sasa. Umesema mnatoka Dodoma mwezi wa nane, wewe, mkeo, watoto wawili wa miaka 6 na 9, pamoja na mama yako ambaye magoti yanamsumbua. Mtalala usiku tano Unguja, watoto hawajawahi kuiona bahari, na unasita kati ya Nungwi, Paje na Kiwengwa. Mchangiaji mmoja hapo juu amekuambia fukwe za Zanzibar ni zile zile, tafuta pa bei nafuu ulale. Sikubaliani naye hata kidogo, na ndiyo maana nimekaa kukuandikia kwa kirefu.

Nimefanya kazi ya mapokezi hotelini Jambiani, baadaye nikahamia Kendwa, kwa hiyo pwani ya mashariki na ya kaskazini zote nimezifanyia kazi. Malalamiko mengi yaliyonifikia pale kaunta hayakuhusu kitanda wala chakula. Yalihusu bahari. Familia inafika usiku, asubuhi wakishakunywa chai watoto wako tayari na nguo za kuogelea, wanatimua mbio kwenda ufukweni na kukuta mchanga mtupu. Maji yako kule mbali mawimbi yanakovunjikia kwenye mwamba. Baba anarudi kuniuliza bahari itarudi saa ngapi. Namjibu kwamba mpaka baada ya adhuhuri ndipo watoto watapata maji ya kuogelea, na kesho yatachelewa zaidi. Ameshalipa siku zote, na hakuna aliyemwambia kabla.

Kwa hiyo elewa kwanza maji yanavyokwenda, ndipo mengine yatakaa sawa. Kila siku bahari inajaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kila siku inachelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, tunapata bamvu: maji yanapanda sana na kushuka sana, tofauti ya juu na chini inaweza kukaribia mita 4. Katikati ya hapo, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, na tofauti huwa ndogo, kiasi cha mita moja hivi. Wavuvi wanahesabu haya kwa kalenda ya Kiislamu na wewe unaweza kufanya vivyo hivyo. Kuanzia tarehe mosi na tarehe 15 za mwezi wa Kiislamu unaingia kwenye bamvu, na kilele chake huja siku moja au mbili baadaye. Kuanzia tarehe 8 hivi na 23 hivi unaingia maji mafu.

Sasa hapa pana jambo ambalo hutalikuta kwenye tovuti za kuweka nafasi za hoteli. Kwetu Unguja, siku za bamvu maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hukupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Ndivyo ilivyo kila bamvu, mwaka mzima. Maana yake ni kwamba ukifika pwani ya mashariki siku za bamvu, asubuhi yote ambayo watoto wana nguvu, bahari haipo. Ukifika siku za maji mafu, yanajaa asubuhi kwenye saa nne au saa tano, na hata yakipwa alasiri hayaendi mbali sana. Ufukwe ni ule ule na chumba ni kile kile, lakini wiki moja tu inaweza kukubadilishia likizo nzima.

Pwani ya mashariki, kuanzia Matemwe, Pwani Mchangani, Kiwengwa, Uroa, mpaka Bwejuu, Paje na Jambiani, ina mwamba ulio mbali na nchi kavu, na kati ya mwamba na ufukwe chini ni tambarare yenye kina kidogo. Maji yakishuka, eneo kubwa linabaki wazi. Kaskazini magharibi, yaani Kendwa na upande wa Nungwi unaotazama machweo, kina kinaanza karibu na ufukwe, hivyo hata maji yakipwa unatembea hatua chache na unaogelea. Sababu kubwa ya bei za kule kuwa juu ni hiyo.

Kuna na upepo. Mwezi wa nane ni kusi, na kusi inapiga moja kwa moja pwani ya kusini mashariki. Paje wakati huo inajaa vijana wa kaiti, wale wanaovutwa na tiara kubwa juu ya maji, na wao upepo huo ndio wameufuata. Kwa mtoto wa miaka 6 anayejifunza kuelea, maji yenye vijiwimbi visivyotulia na kamba za kaiti zikikatiza mbele yake si mahali pake. Kendwa mwezi huo huo imekingwa na kisiwa chenyewe na maji yametulia. Ungekuwa unakuja Disemba au Januari, upepo ni kaskazi, na hesabu ingebadilika kidogo: Nungwi pale kwenye ncha hupigwa, ingawa Kendwa bado huwa nzuri.

Nisije nikaonekana naidharau mashariki, kwa sababu moyo wangu uko Jambiani. Maji yakipwa pale ndipo utakapoona maisha. Kina mama wanashuka na vikapu kwenye mashamba ya mwani, vijiti vimesimikwa mistari kwa mistari, kamba zimevutwa kati ya kijiti na kijiti, na kila pande la mwani limefungwa kwa tai-tai, yaani vijikamba vidogo. Wanafanya kazi wameinama, maji yakiwa kifundoni, huku wanazungumza, na yakianza kurudi wanapandisha mavuno begani. Mtoto akitembea kandokando na mkubwa wake ataona kaa, viti vya pweza (wale viumbe wenye umbo la nyota) na samaki wadogo waliobaki kwenye vidimbwi. Mwambie atazame tu asiviokote, na asikanyage wala kuvuta kamba za watu, ile ni riziki ya mtu. Mvalishe yeboyebo, kwa sababu kuna wadudu wenye miiba mirefu myeusi wanaokaa kwenye mawe, na mwiba wao ukiingia unavunjikia ndani. Wenyeji hupaka utomvu wa papai bichi ili ulainike utoke.

Na tafadhali, msitembee mpaka mwambani bila mwenyeji. Maji yanaporudi hayaji kwa mstari mmoja kutoka mbele. Yanajaza kwanza mabonde yaliyo nyuma yako, na unapogeuka unakuta njia uliyojia kavu imekuwa ya kiunoni. Kwa mtu mzima ni usumbufu, kwa mtoto ni hatari. Mkiona kina mama wa mwani wanafunga mizigo, na nyinyi geukeni.

Kiwengwa nitaipitia haraka. Ufukwe ni mzuri, mchanga mweupe, hoteli nyingi kubwa za kulipia kila kitu pamoja, chakula na vinywaji. Kwa familia inayotaka bwawa la kuogelea na isifikirie chakula, inafaa, maana maji yakipwa watoto watakuwa bwawani. Lakini utakuwa umevuka bahari kuja kuogelea kwenye bwawa. Matemwe ni kwa wanaotaka kisiwa cha Mnemba, kuvaa miwani na kutazama samaki. Pongwe ni ghuba ndogo tulivu. Michamvi upande wa Kae unatazama ghuba ya Chwaka, kwa hiyo ni pa kipekee: uko mashariki lakini unaona jua likizama. Kizimkazi wanaiendea kwa pomboo, na pale Dimbani kuna msikiti wenye maandishi ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107, ambao mama yako huenda akapenda kuuona.

Sasa Nungwi yenyewe. Watu wanaitaja kana kwamba ni ufukwe mmoja. Upande wa mashariki wa ncha ile, kuvuka mnara wa taa, una mawe na hukupwa, na ukisoma tu neno Nungwi kwenye tangazo unaweza kuangukia huko. Upande wa magharibi ndio unaoogeleka, lakini sehemu nyingine za hoteli zimejengwa juu ya jabali na unashuka ufukweni kwa ngazi. Wakati wa bamvu maji yakijaa yanagonga kuta, na baadhi ya hoteli zinabaki bila mchanga kabisa kwa saa kadhaa. Nungwi pia ina muziki wa usiku na mapapasi wanaokufuata ufukweni na safari za kuuza. Jibu la heshima, "ahsante kaka, tumeshapanga", likisemwa mara moja kwa Kiswahili chetu, kwa kawaida linatosha. Kendwa ufukwe ni mpana zaidi na umetulia zaidi, isipokuwa karibu na mwezi mpevu ambapo huwa na sherehe kubwa ya usiku kucha. Na wewe una mama na watoto, kwa hiyo uliza kwanza sherehe hiyo iko lini.

Hilo la magoti ya mama nalisisitiza, kwa sababu nimeona wazazi wakibaki chumbani siku zote huku wajukuu wakicheza chini. Kendwa nako hoteli nyingine ziko juu ya mteremko. Usiulize kama hoteli iko karibu na ufukwe, kila mtu atakujibu ndiyo. Uliza hivi: kutoka mlangoni mwa chumba mpaka mchangani kuna ngazi ngapi? Chumba cha chini kipo, na mnaweza kunihakikishia kwa maandishi? Kisha waombe wakupigie video fupi ya ufukwe saa nne asubuhi ya siku hiyo, wakutumie kwa WhatsApp. Mapokezi mwenye nia njema anafanya kwa dakika mbili, mimi nimezipiga nyingi tu. Fungua na ramani ya satelaiti uangalie hoteli iko wapi hasa, maana "hatua chache kutoka ufukweni" nimeona ikimaanisha kupita katikati ya kijiji kwenye njia ya mawe yenye ncha.

Maswali mengine ya kuuliza kabla hujatuma pesa: kama wana jenereta, kama maji ya bombani ni ya chumvi (vijiji vingi vya pwani visima vyake vina chumvi, mtoto mwenye ngozi nyepesi atawashwa), na bei ya mkaazi ni ngapi. Hilo la mwisho usilionee haya. Mwezi wa nane ni msimu wa juu, wageni ni wengi, na bei unayoiona mtandaoni kwa dola mara nyingi ni ya mgeni. Mtanzania ukipiga simu moja kwa moja na kutaja kwamba una kitambulisho cha NIDA, hoteli nyingi zina bei nyingine.

Kuhusu safari, kutoka Dodoma treni ya SGR itawafikisha Dar, na boti kutoka pale ni kama saa mbili. Mwezi wa nane kusi inachafua mkondo, kwa hiyo mkae chini na nyuma ya boti, mama asile chakula kizito kabla. Kama bajeti inaruhusu mama apande ndege, mpandishe. Ni dakika kama 20 tu.

Kwa familia yako mimi ningelala usiku tatu za kwanza Kendwa, au Nungwi magharibi ikiwa umepata pasipo na ngazi, halafu usiku mbili za mwisho Mji Mkongwe. Mji Mkongwe hamwendi kuogelea. Mnakwenda kwa vichochoro, milango ya nakshi, urojo, na Forodhani jioni ambako watoto wa mjini wanaruka baharini kutoka ukutani na wako hawataondoka hapo. Ila nyumba za zamani zina ngazi za mbao zenye mwinuko mkali na magari hayaingii vichochoroni, kwa hiyo omba chumba cha chini na nyumba iliyo karibu na barabara, kama Shangani au Malindi. Kutoka mjini mtaenda msitu wa Jozani asubuhi kuwaona kima punju, na dereva akiendelea mbele kidogo mtafika Jambiani. Siku hiyo tazama kalenda: kama ni bamvu, fikeni kabla ya saa nne, watoto watembee wakitazama kaa na mama apumzike kivulini akitazama kina mama wenzake wakifanya kazi. Vijijini mkitoka ufukweni mjifunike, khanga moja kwa kila mtu inatosha.

Ukishapata tarehe kamili ziweke hapa, nitakupigia hesabu ya maji ya kila siku kabla hujalipa.