Kuacha nyama na saratani ya utumbo mpana

Ndugu, umeuliza kama kuacha nyama kabisa kutakukinga na saratani ya utumbo mpana iliyomchukua baba yako. Pole sana kwa msiba huo.

Kinga kamili haipo, lakini hatari yaweza kupungua. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Loma Linda, Marekani, uliochapishwa mwaka 2015 baada ya kuwafuatilia Wasabato zaidi ya 77,000 kwa wastani wa miaka 7, ulionyesha kwamba hatari ya saratani ya utumbo mpana na puru kwa wasiokula nyama ilikuwa pungufu kwa takriban asilimia 22, na kwa wale waliokula samaki bila nyama nyingine ilipungua zaidi, kwa asilimia 43. Walilinganishwa na Wasabato wenzao wanaokula nyama, kwa hiyo sigara na pombe, ambazo wengi wao huziepuka, hazielezi tofauti hiyo. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2009, hata hivyo, haukuona nafuu kama hiyo.

Kwa maoni yangu, kinachowekwa sahanini mahali pa nyama iliyoondolewa kina uzito mkubwa. Maharage, dona na mchicha vina nyuzinyuzi ambazo bakteria wa utumboni huzigeuza kuwa asidi zinazolisha ukuta wa utumbo. Chipsi na soda havina nyama, lakini havifanyi kazi hiyo. Ukianza na jambo moja, acha soseji: gramu 50 kila siku za nyama iliyosindikwa huongeza hatari kwa asilimia 18 hivi.

Nakusihi pia umweleze daktari habari za baba yako, kwa sababu mtoto wa mgonjwa hushauriwa mara nyingi kuanza kupimwa kwa kolonoskopi (kamera ndogo inayopitishwa ndani ya utumbo mpana) akiwa na miaka 40, au mapema zaidi.