Muulize Fundi: Redieta baridi juu, na boila inayonguruma darini

Wiki hii maswali karibu yote ni ya maji moto. Nilidhani baridi ya Julai ikiisha watu watapumzika kuniuliza, kumbe wapi.

SWALI: Fundi habari. Binti yangu anasoma Manchester, yeye na wenzake wamepanga nyumba ya zamani yenye zile redieta za ukutani za kupasha nyumba joto. Usiku nikimpigia WhatsApp namwona amevaa koti ndani ya nyumba! Anasema redieta ya chumba chake inapata moto chini tu, juu baridi kabisa, ile ya sebuleni nayo kinyume chake, na geji ya presha ya boila iko chini ya 1 (baa). Mwenye nyumba kila siku ni nitakuja, nitakuja. Mimi niko huku, sina la kumwambia zaidi ya ongeza blanketi. — Mama Mtu, South C

JIBU: Mama pole, lakini umenipa dalili nzuri kushinda mafundi wengi wanavyonipa. Redieta ikiwa baridi juu moto chini, hiyo ni hewa. Hewa imepanda juu ikakaa hapo, maji moto hayana pahali pa kupita. Hii binti anaweza kutoa mwenyewe. Azime boila kwanza angoje redieta zipoe, akifungua pampu ikizunguka anaweza kuvuta hewa nyingine ndani na maji ya moto yatamchoma mkono. Kona ya juu ya redieta kuna kiskurubu kidogo cha mraba, kina kifunguo chake ambacho huuzwa bei rahisi kwa duka lolote la hadwea huko. Ashike kitambaa chini yake, azungushe kinyume cha saa nusu mzunguko hivi, asikitoe chote tafadhali, atasikia ssss, na maji yakianza kutoka bila kukatika afunge. Kitambaa kiwe kizee maana maji ya ndani yanaweza kuwa meusi kama wino na hayo hayatoki kwa kapeti ya watu.

Sasa akishatoa hewa presha itashuka zaidi, na tayari iko chini ya 1. Kwa kuwa kuna geji, huo ni mfumo uliofungwa, hauna tangi la kujijaza kule darini kama zile za zamani zaidi. Mara nyingi chini ya boila kuna kapaipu kalikosukwa waya kenye koki mbili, anafungua polepole mpaka geji ifike kati ya 1 na 1.5 boila ikiwa baridi, halafu anafunga zote mbili. Asiache hata moja wazi. Valvu ya usalama kwa kawaida hufunguka ikifika 3 na maji yatamwagikia nje.

Lakini hapa ndio nataka msikilize vizuri nyinyi wawili. Asizoee kujaza kila wiki. Redieta ni chuma, na maji mapya kila mara yanaingia na oksijeni mpya, oksijeni inakula chuma, kutu inakuwa tope jeusi, tope linashuka chini na kuziba. Hiyo ya sebuleni iliyo moto juu na baridi chini ndio hali yake, na hapo hata atoe hewa mpaka asubuhi haitasaidia. Inataka kuoshwa ndani, mfumo mzima usafishwe kisha uwekwe dawa ya kuzuia kutu. Hiyo ni kazi ya mwenye nyumba na pesa ni zake. Presha ikishuka tena baada ya siku chache basi kuna mahali panavuja, aangalie kwa maungio na chini ya kapeti. Ikipanda sana boila ikiwaka halafu ikianguka ikipoa, kuna kitungi cha kupokea maji yanapotanuka, pengine kimeishiwa upepo.

Kama boila ni ya gesi, kifuniko chake asikiguse hata kama kuna kijana wa YouTube anamwonyesha. Huko Uingereza anayeruhusiwa kufanya kazi ya gesi ni fundi aliyesajiliwa Gas Safe, na mwenye nyumba analazimika kisheria boila ikaguliwe kila mwaka na kumpa mpangaji nakala ya cheti. Aitishe hicho cheti kwa maandishi, si kwa simu, utashangaa vile "nitakuja" inageuka "niko njiani". Na akiona mwali wa manjano badala ya buluu, masizi kando ya boila, au wote wanaumwa kichwa wakiwa nyumbani na wakitoka nje wanapona, wazime, wafungue madirisha, watoke, wapige simu ya dharura ya gesi. Ni ile hewa mbaya inayoua watu hapa kwetu wakilala na jiko la makaa ndani, haina harufu. Hata akiona kila kitu kiko sawa anunue kengele ya kugundua hiyo hewa.

SWALI: Mkuu, mimi ni keateka kwa flati za zamani hapa Kileleshwa. Kuna boila ya stima ya lita 100 iko darini, ikiwaka inanguruma na kupasuka pasuka, maji yanachelewa kupata moto na mpangaji analia tokeni. Tena paipu yake ya pembeni inadondoka maji, fundi akaniambia tuzibe na plagi. Tuzibe? — Keateka

JIBU: Usizibe!! Ndugu yangu huyo fundi asirudi hapo. Maji yakipata moto yanatanuka, na hiyo paipu inatoka kwa valvu ya usalama, ndio mlango wa kutokea. Kudondoka kidogo wakati inapasha ni kawaida kama hakuna kitungi cha kutanukia, ikidondoka mchana na usiku hata ikiwa baridi basi valvu imechoka au presha ya maji iko juu. Badilisha valvu. Ukiziba na siku hiyo themostati ikwame, tangi zima linageuka bomu juu ya vichwa vya watu.

Kunguruma ni ukoko umeshika elementi (ile koili inayopasha maji), maji yananaswa chini yake yanachemka kwa vipovu. Angalia birika la stima la mpangaji, likiwa na ganda jeupe ndani basi boila nayo iko hivyo hivyo. Maji ya bwawa la Ndakaini yanayokuja Nairobi ni laini, hayaachi ukoko sana, lakini mkichanganya na ya borehole hali inabadilika. Zima stima kwa meni, si kwa swichi tu, mwaga tangi, toa elementi uikwangue au ubadilishe, osha matope yaliyolala chini. Ukiwa hapo angalia ile fimbo ya anodi, kazi yake ni kuliwa na kutu ili tangi lisiliwe. Ikibaki waya mtupu weka mpya. Hii watu hawaijui kabisa, wanabadilisha tangi zima kwa sababu ya fimbo.

Themostati iweke 60, chini sana bakteria wanazaana. Kwa hesabu, kupandisha lita 100 kutoka 20 hadi 60 ni yuniti kama 4.6, elementi ya kilowati 3 inamaliza kwa saa moja na nusu hivi. Ikichukua zaidi ya hapo sana, shida ni ukoko, au themostati, au kuna mtu anafulia.

SWALI: Instanti shawa yangu inanirusha shoti kidogo nikigusa koki. Nikivaa slipa haishiki. Niendelee? — Umoja

JIBU: Hapana. Zima breka yake leo, oga na beseni. Nyumba yako pengine haina athi (waya wa kupeleka stima ardhini) au imekatika, na kama maji yenu ni ya chumvi na ulinunua shawa ya maji ya kawaida, stima inapita kwa maji yenyewe. Fundi wa stima apime athi kwanza, aangalie waya ni ya 6mm na breka yake ni ya peke yake, ndio aguse shawa. Nunua ile iliyoandikwa ya maji ya chumvi. Slipa si dawa.